Baruti ya Bure

Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi kwenye kibanda cha kuuza filamu, nyuma ya stendi ya matatu mtaani kwetu. Kazi yenyewe haikuhitaji digrii. Mtu analeta flashi, anaangalia orodha kwenye kompyuta, anachagua, namjazia, ananilipa bob ishirini. Wateja wangu hawakuwahi kuuliza filamu imeongozwa na nani. Waliuliza, "Ni ya mangumi?" Na kama ni mtu wa kwetu kabisa, "Iko na DJ?", yaani kuna jamaa anayetafsiri na kuongeza chumvi juu yake.

Siku moja bodaboda mmoja, mteja wa kila Ijumaa, aliinamia skrini akasoma kwa sauti: "Bure Baruta." Akacheka. Akauliza, "Hii ni ya wapi, Mombasa?" Alidhani ni Kiswahili kilichoandikwa na mtu mwenye haraka. Nikamwambia hapana boss, ni ya Serbia, ni ya uhalifu, haina DJ, ina maandishi ya chini tu. Akasema weka. Nafikiri aliichukua kwa sababu ya jina. Nani atakataa baruti ya bure?

Siku tatu baadaye alirudi. Hakuwa na hasira, alikuwa na swali. "Boss, ile filamu imejaa watu wabaya pekee. Sasa makarao wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeitazama mara mbili na sikuwa nimegundua kwamba makarao hawapo. Tangu siku hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kumwambia mamangu, na bado naona swali la yule bodaboda ndilo swali zuri zaidi nililowahi kusikia kuhusu filamu hii.

Tuanze na hilo jina, maana halikumdanganya sana. Kwa Kiserbia, "bure" ni pipa, na "barut" ni baruti. Ni neno lile lile. Waserbia walitawaliwa na Waturuki wa Ottoman kwa karne kadhaa, na Waturuki wakawaachia maneno ambayo sisi tuliyapata upande mwingine, kupitia bahari. Saa kwao ni "sat". Sanduku ni "sanduk". Kwa hiyo Bure baruta ni pipa la baruti, jina ambalo watu wa Ulaya Magharibi wamekuwa wakiliita eneo lote la Balkani kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini mimi bado naisoma kama yule bodaboda alivyoisoma. Baruti iliyotolewa bure, kila mtu achukue yake.

Filamu ilitoka mwaka 1998. Aliyeiongoza ni Goran Paskaljević, mzaliwa wa Belgrade aliyesomea filamu Prague na kufariki Paris mwaka 2020. Aliitoa kwenye tamthilia ya Dejan Dukovski, ambaye si Mserbia, ni Mmasedonia wa Skopje, na aliiandika akiwa kijana wa miaka ya ishirini, umri wangu huu (ukweli ambao huwa naukumbuka kila ninapoangalia kalenda). Tamthilia ilichezwa Belgrade katikati ya miaka ya tisini na watu wakajaa. Filamu nayo ikaenda Venice na kurudi na tuzo ya wahakiki wa kimataifa.

Kisa? Ni usiku mmoja Belgrade. Mtu anayeitwa Mihajlo, ambaye sura yake ya uchovu ni ya Miki Manojlović, anarudi kutoka ughaibuni kumtafuta mwanamke aliyemwacha. Dereva wa teksi anakaa baa na polisi mstaafu aliye kilema. Marafiki wawili mabondia wanavunja urafiki wao wakiwa chumba cha mazoezi. Kijana anateka basi. Msichana yuko kwenye treni na mtu mwenye guruneti. Mvulana anagonga gari la mwenyewe kidogo tu, na mwenye gari anaenda hadi kwa wazazi wa mvulana kuvunja kila kitu kinachovunjika. Hawa watu hawajuani, au wanajuana kidogo. Usiku unawapitisha mmoja baada ya mwingine, na asubuhi haifiki.

Hiyo ni hadithi ya uhalifu, hakuna ubishi. Kuna mauaji, utekaji, mateso, wizi. Lakini hebu angalia nini hakipo. Hakuna kesi. Hakuna mpelelezi mwenye koti refu na ndoa mbovu. Hakuna genge lenye mpango, hakuna pesa za kuibwa, hakuna saa ya kumi na moja alfajiri ambapo king'ora kinasikika na sisi tunapumua. Karao pekee tunayemfahamu vizuri ni yule mstaafu, na huyo hawezi hata kutembea bila shida. Filamu za uhalifu tulizozoea hutuahidi kitu kimoja kabla hata hazijaanza: kwamba sheria ipo mahali fulani, hata kama imelala, hata kama imehongwa. Anayeivunja anavunja kitu. Hapa wanavunja nini? Ndiyo maana bodaboda wangu alihisi kuibiwa. Alilipia uhalifu akapewa uhalifu mtupu, bila ganda.

Na haikuwa ubunifu wa Paskaljević tu. Umoja wa Mataifa uliiwekea Yugoslavia vikwazo mwezi Mei mwaka 1992. Mfumuko wa bei uliofuata ulifika kiwango ambacho ukikisoma unadhani ni makosa ya uchapaji: asilimia milioni 313 kwa mwezi mmoja, Januari mwaka 1994. Kulikuwa na noti ya dinari bilioni 500, na juu yake picha ya mshairi. Petroli iliuzwa barabarani kwenye chupa na madumu. Walioheshimika ni waliojua kuvusha vitu mpakani, na wakati huo huo vita vilikuwa vinaendelea Bosnia na Croatia, ng'ambo tu ya mpaka, hadi mkataba wa Dayton ulipotiwa saini Paris mwezi Desemba 1995. Kamera ya Paskaljević haiendi vitani hata mara moja. Vita vimekuja vyenyewe, vimekaa kwenye basi, vimeagiza kahawa.

Tamthilia ya Dukovski, kwa mpangilio wake, ni mnyororo. Watu wawili wanakutana, mmoja anamuumiza mwingine, kisha mmoja wao anaingia onyesho linalofuata na kukutana na mtu wa tatu. Aliyepigwa sasa anapiga. Arthur Schnitzler wa Vienna alifanya mchezo huo zamani kwa kutumia mapenzi, kutoka kitanda hadi kitanda hadi duara likafunga. Dukovski alibadilisha kitanda akaweka ngumi. Jukwaani hilo lina ukatili wake wa kipekee, kwa sababu wewe mtazamaji umeshaelewa sheria ya mchezo kufikia onyesho la tatu. Mtu mpya akiingia tu, unajua ana dakika kumi.

Paskaljević, akiandika na Dukovski mwenyewe pamoja na wengine, aliukata mnyororo huo vipande na kuvitawanya kwenye usiku mmoja. Kuna vitu alipoteza. Zile hesabu baridi za jukwaani zimelegea. Mara mbili tatu watu wanakutana kwa bahati ambayo ni ya mwandishi, si ya jiji. Na mwanzoni unahangaika kujua nani ni nani, hasa kama wewe ni mtu wa kusoma maandishi ya chini huku unakula.

Lakini alipata jiji. Kwenye jukwaa, wanaume wawili wanaopigana ni wanaume wawili wanaopigana. Kwenye filamu, nje ya dirisha kuna baridi, kuna taa za njano, kuna mabasi machakavu, kuna watu wanaopita na kutogeuza shingo. Hao wanaopita ndio kitu ambacho tamthilia haiwezi kukupa. Ngumi si ajabu. Unachobaki nacho ni mtu aliyeko meza ya pembeni akiendelea kunywa.

Na alibakisha mlango mmoja wa kurudi jukwaani. Filamu inafunguliwa na mwanamume aliyejipaka rangi usoni, mchekeshaji wa kilabu, ambaye anaangalia kamera moja kwa moja na kutuahidi kwamba usiku huu atatuharibia. Anachezwa na Nikola Ristanovski. Watu wengine wanamwona kama kivuli cha filamu za Berlin, na nadhani wana haki, rangi yenyewe imeazimwa. Mimi namtetea. Bila yeye tungekaa gizani tukijidhani mashahidi. Yeye anatukumbusha kwamba tumelipa kiingilio.

Sasa tuje kwenye onyesho la mabondia, kwa sababu hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Wanaume wawili wa makamo. Wanachezwa na Lazar Ristovski na Dragan Nikolić, majina makubwa kule kama unavyoweza kufikiria. Ristovski alikuwa ametoka kwenye Underground ya Kusturica, pamoja na Manojlović, miaka mitatu tu kabla. Wanafanya mazoezi. Wanapigana kirafiki. Wamejuana maisha yao yote. Halafu mmoja anatoa siri: kuna jambo alilomfanyia mwenzake zamani, kuhusu mke. Unangoja mlipuko. Mwenzake anakaa kimya, kisha naye anatoa yake. Kumbe anayo. Na yake ni nzito kidogo. Basi wa kwanza anaongeza nyingine. Inakuwa kama mchezo wa karata, kila mmoja anaweka siri mezani, na kila siri inalipa iliyotangulia na kubakiza deni jipya. Wanacheka katikati! Hilo ndilo linalotisha. Kuna sekunde kadhaa unaamini kabisa kwamba watasameheana, kwamba ukweli ukiwekwa wote nje, urafiki utabaki umesimama uchi lakini mzima.

Sitasema inaishaje. Nitasema tu kwamba Paskaljević hapa anaiweka kamera chini na kuacha tamthilia ifanye kazi yake. Wanaume wawili, chumba kimoja, maneno. Hakuna muziki wa kutuambia tuogope. Ukitaka kujifunza namna ya kuhamisha jukwaa hadi skrini, somo ni hilo: jua wakati wa kutoka nje na wakati wa kufunga mlango.

Nilipokuwa bado chuoni, mwaka wa pili, mimi na rafiki yangu wa chumbani tulijaribu kulitafsiri onyesho hilo. Hatukuwa na tamthilia, tulikuwa na maandishi ya chini ya Kiingereza na kiburi. Tulilitia Kiswahili, tukalitia Sheng, tukawafanya mabondia kuwa makanga wawili wa ruti moja. Tulipanga kulicheza kwenye usiku wa michezo. Tuliposoma kwa sauti mara ya kwanza, tulifika kwenye siri ya tatu na rafiki yangu akanyamaza. Akasema tupumzike. Hatukurudi kwenye karatasi zile. Muhula uliofuata nikawa sina karo, na yeye akahamia kwa wengine. Sijawahi kumuuliza alinyamazia nini. Inawezekana koo lilimkauka tu. Lakini filamu nzuri ina tabia hii ya kijinga, inakuacha ukimshuku mtu aliyekupa nusu ya chapati yake kwa miaka miwili.

Turudi kwa dereva wa teksi, Nebojša Glogovac, na yule karao mstaafu, Aleksandar Berček. Baa. Dereva anamkaribia kwa upole mwingi, anauliza maswali kuhusu miguu, mikono, nani alikufanyia hivi mzee wangu. Na mzee anaeleza. Kisha dereva anaanza kumsaidia kueleza. Anajua mambo ambayo msikilizaji hapaswi kujua. Polepole inaeleweka: yeye ndiye aliyemvunja. Kwa nini? Kwa sababu karao huyo, wakati ana sare, alimpiga yeye kwanza.

Nikamwambia bodaboda wangu: unaona, karao yupo. Ni huyo. Akafikiri. Akasema, "Huyo si karao, huyo ni mtu amelipwa." Sijui kama alimaanisha amelipwa mshahara au amelipizwa. Kiswahili kinaruhusu yote mawili na sikumuuliza.

Nataka kusema jambo kuhusu kulipiza, kwa sababu ni rahisi kuiona filamu hii kama mfululizo wa visasi, na wahakiki wengi wanaishia hapo: ukatili huzaa ukatili, asante, kwaheri. Si sahihi. Ukiangalia kwa makini, karibu hakuna anayemlipiza aliyemkosea. Dereva wa teksi ni mmoja wa wachache walio na anwani sahihi. Wengine wote wanapeleka deni kwa mtu asiyehusika. Mwenye gari lililokwaruzwa anakunywa hasira yake kwenye vyombo vya wazazi. Anayetoka kuua rafiki hakai na maiti kulia, anapanda treni na kumtafutia msichana asiyemjua matatizo. Na wote, kila mmoja, ana maelezo. Huu ndio mdundo wa filamu nzima: mtu anafanya jambo baya, halafu anaeleza kwa nini si kosa lake. Ni vita. Ni mke. Ni siasa. Ni dereva aliyechelewa. Hakuna mwongo kati yao, na hilo ndilo tatizo. Kila maelezo ni ya kweli.

Yule kijana wa basi ndiye kilele cha hili. Sergej Trifunović anamcheza kama nyaya zilizochunwa ganda. Basi limesimama usiku, abiria wamekaa, dereva yuko kwenye mkahawa anamaliza kahawa yake taratibu, kwa sababu anaweza. Kijana anauliza tunaondoka lini. Hakuna anayejibu. Basi anakaa kwenye usukani na kuondoka nalo. Kwa dakika chache, nakuambia ukweli, nilimshangilia. Nani kati yetu hajakaa ndani ya mathree iliyojaa, saa mbili usiku, akingoja kiti kimoja cha mwisho kipate matako, huku dereva amesimama nje akitafuna miraa na kucheka na wenzake? Mimi nimeteka matatu hiyo kichwani mara mia.

Halafu anaanza kuwageukia abiria. Na hapo ile shangwe yako inabaki mikononi mwako, huna pa kuiweka. Alikuwa na haki kuhusu kahawa. Hana haki kuhusu kitu kingine chochote. Lakini ni mtu yule yule, na hasira ni ile ile, na wewe ulikuwa upande wake dakika mbili zilizopita.

Kuna jambo silisamehe filamu hii, na naliweka hapa kabla sijaonekana nimelewa nayo. Ni wanawake. Mirjana Joković kwenye basi, msichana wa kwenye treni, na wengine: karibu kila mwanamke yupo ili mwanamume apate mahali pa kuonyesha uharibifu wake. Wanatishwa, wanashikwa, wanalia vizuri sana. Kamera inawahurumia, sawa, lakini huruma si sawa na kumpa mtu sentensi tatu za kwake. Mirjana Karanović, Natalija anayetafutwa na Mihajlo, ni mwigizaji ambaye angeweza kubeba filamu nzima mgongoni, na amepewa kazi ya kuwa mlango ambao mwanamume anaubisha. Utetezi uliopo ni kwamba ndivyo ilivyokuwa, usiku ule ulikuwa wa wanaume. Nimeusikia utetezi huo na haunitoshi. Mabondia wamepewa chumba na muda wa kujieleza hadi tukawapenda. Msichana wa treni angepewa hata robo yake, lile guruneti lingekuwa zito mara kumi.

Lawama nyingine inayotolewa ni kwamba Paskaljević aliwauzia watu wa Magharibi Balkani waliyoitaka: washenzi wenye kiu ya damu, na muziki mzuri. Hapa nimegawanyika. Marekani waliibandika jina Cabaret Balkan, na jina hilo kweli linanuka utalii. Filamu ilikuwa mpya kabisa NATO ilipoanza kuishambulia Yugoslavia kwa mabomu, Machi mwaka 1999, kwa siku 78, na naweza kuelewa Mserbia aliyeona vibaya kwamba sinema nzuri kutoka kwao wakati huo inawaonyesha wakitafunana. Sisi pia tunayo mazungumzo hayo. Nairobi Half Life ilipotoka mwaka 2012 wapo waliolalamika kwamba ni genge tena, ni mtaa wa mabati tena, wazungu watafikiri nini. Kumbuka Mwas wa filamu ile naye ana mguu mmoja kwenye genge na mwingine kwenye jukwaa la tamthilia, kana kwamba uhalifu na uigizaji ni ruti moja yenye vituo viwili.

Lakini tofauti naiona. Filamu inayowauza watu wake huwa inamwachia mtazamaji mahali salama pa kukaa. Mgeni mwema, mwandishi wa habari, daktari. Bure baruta haina kiti hicho. Hata Mihajlo, aliyetoka nje na angeweza kuwa macho yetu safi, anarudi na hatia yake mwenyewe ndani ya sanduku. Aliondoka. Kuondoka nako kuna maelezo.

Kuna onyesho kuelekea mwisho, kuhusu wizi wa petroli. Nimesema petroli ilikuwa dhahabu. Kelele inapigwa kwamba kuna mwizi, na watu wanatoka. Si wahuni. Ni majirani, watu wa kawaida, wengine bado na nguo za ndani ya nyumba. Wanamzunguka mtu. Hawamwulizi mengi.

Mara ya kwanza nilisimamisha filamu hapo nikaenda kuosha vyombo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mtaa sitautaja, ni Eastlands, inatosha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na mtu alishikwa na mtungi wa gesi wa wenyewe. Au alisemekana ameshikwa. Mimi nilitumwa maziwa. Nilipofika palikuwa na watu labda arobaini, na kati yao nilimwona mwalimu wetu wa hesabu, mama wa mboga, na kaka wa rafiki yangu. Sikumwona mtu mwenyewe vizuri, niliona kiatu kimoja. Mtu aliyesimama kando yangu aliokota jiwe, na mimi nikaokota. Langu lilikuwa dogo. Nililirusha juu ya mabega ya watu, sikuona lilipoangukia. Halafu nikaenda kununua maziwa.

Nimekuwa na maelezo ya jiwe lile kwa miaka mingi. Nilikuwa mtoto. Lilikuwa dogo. Pengine halikumfikia. Wakubwa walikuwepo. Makarao walikuja baadaye sana na gari la kubebea. Kila moja ni kweli, unaweza kwenda kuuliza. Na nilipokuwa natazama wale majirani wa Belgrade na madumu yao, kitu kilichonishtua ni kwamba niliwafahamu kwa namna wanavyosimama. Kuna namna ya kusimama ya mtu ambaye yuko kwenye umati lakini ameshaanza kuondoka moyoni, ili kesho aseme alikuwa anapita tu. Paskaljević ameipata namna hiyo. Sijui aliwaambia nini waigizaji wale.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema filamu hii imezidi giza, kwamba haina tumaini. Mimi sikuijia kwa tumaini. Filamu za mangumi zinanipa tumaini kila wiki, bob ishirini, na mwizi huwa ni mtu mwingine.

Bodaboda wangu hakuomba arudishiwe pesa. Alisimama pale kibandani akichezea ufunguo wa pikipiki, akaniambia kwamba usiku ule baada ya kuitazama alipita stendi na kukuta abiria wamejaa kwenye mathree, dereva hayupo, taa za ndani zimewashwa. Watu wamekaa kimya wakiangalia simu. Akasema alizima pikipiki na kuwatazama kwa muda.

"Nilikuwa nangoja kuona nani atasimama," akasema.

Nikamuuliza, nani alisimama?

"Hakuna. Dereva alikuja." Akaniletea flashi. "Leo weka ya mangumi. Na ile usifute, niachie."

Nikamjazia mbili za mangumi. Moja ilikuwa na DJ.